Jukwaa la kompyuta kwa uhariri wa video

Jukwaa la kompyuta kwa uhariri wa video ni muungano wa vitu vitatu: mashine yenyewe, mfumo wa uendeshaji ulio ndani yake (Windows, macOS au Linux) na programu ya kuhariria. Juu ya jukwaa hilo hufanyika kazi zote zinazofuata baada ya kupiga picha: kupanga na kukata vipande, kusawazisha sauti, kurekebisha rangi, kuweka maandishi na kutoa faili ya mwisho.

Mabishano kuhusu mfumo ulio bora ni ya miaka mingi, na mara nyingi hubishaniwa kana kwamba kila mhariri anafanya kazi katika jengo lenye umeme usiokatika, kiyoyozi na intaneti ya kasi. Makala hii inaangalia suala hilo kwa mfano wa Ifakara na bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako masharti ni mengine na majibu hubadilika.

Ifakara ni makao makuu ya Wilaya ya Kilombero katika Mkoa wa Morogoro. Mji uko katika bonde la mto Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na reli ya TAZARA inapita hapo. Kazi za video katika mji wa namna hii ni harusi, sendofu, kipaimara, mahafali na albamu za kwaya. Kuna pia video za mafunzo na taarifa zinazohitajiwa na hospitali, taasisi za utafiti, miradi ya kilimo na hifadhi za wanyama. Nyingi kati ya kazi hizo haziwezi kurudiwa. Bibi harusi haingii kanisani mara ya pili kwa sababu diski ya mpiga picha imekufa. Kwa hiyo jukwaa huchaguliwa kwanza kwa kuangalia kama kazi itamfikia mwenyewe ikiwa nzima na kwa wakati, kisha ndipo kwa kasi yake.

Historia

Filamu za zamani za Tanzania, kama Arusi ya Mariamu (1985), zilipigwa kwa mkanda wa filamu. Uhariri wa aina hiyo ulihitaji kukata mkanda wenyewe na kuunganisha vipande kwa gundi au utepe. Kompyuta ziliingia katika kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfumo wa Avid ulitoka mwaka 1989 na Adobe Premiere mwaka 1991, na vyote viwili vilianza kwenye kompyuta za Macintosh za Apple. Mwaka 1999 Apple ikatoa Final Cut Pro. Hapo ndipo ilipotoka imani, ambayo bado ipo, kwamba mhariri wa kweli hutumia Mac.

Afrika ya Mashariki ilifika huko kwa njia nyingine. Filamu za Bongo zilipoanza kuenea miaka ya 2000, kama Girlfriend ya mwaka 2003, ziliuzwa kwa kanda za VHS na baadaye VCD na DVD, na kompyuta zilizopatikana kwa urahisi madukani zilikuwa za Windows. Programu kama Premiere Pro na Edius zikawa za kawaida katika studio ndogo. Edius hufanya kazi kwenye Windows tu. Hata Premiere Pro, ilipotoka mwaka 2003, ilikuwa ya Windows pekee, nayo ilirudi kwenye Mac mwaka 2007.

Tukio la mwaka 2011 linafaa kukumbukwa na kila anayechagua jukwaa. Apple ilitoa Final Cut Pro X, programu iliyoandikwa upya, ambayo haikuweza kufungua miradi ya toleo la 7. Toleo la zamani likaacha kuendelezwa, na macOS Catalina ya mwaka 2019 ilipoacha kuendesha programu za biti 32 halikuweza kufunguka kabisa kwenye mashine mpya. Studio zilizokuwa na miradi ya miaka kumi zilijikuta zikitunza kompyuta moja ya zamani kwa ajili ya kufungulia kazi hizo tu.

Kamera huamua zaidi kuliko kompyuta

Mtu anayekwenda dukani kuuliza bei ya kompyuta kabla ya kujua kamera zake zinarekodi nini ameanza mwisho. Karibu kamera zote za siku hizi, simu zikiwemo, hubana picha kwa kodeki za H.264 au H.265. Kodeki hizi hazihifadhi kila picha kwa ukamilifu. Huhifadhi picha kamili mara chache, na kati yake huandika mabadiliko tu. Ni kama daftari la duka ambamo mwenye duka huandika salio kamili Jumatatu, na siku nyingine huandika kilichoingia na kilichotoka. Daftari linakuwa jembamba, lakini anayetaka salio la Alhamisi lazima arudi Jumatatu na kujumlisha. Kompyuta hufanya hivyo kila mhariri anaposogeza kidole. Ndiyo maana faili ndogo inaweza kukwama wakati faili kubwa zaidi inateleza.

Ili kupunguza mzigo huo, prosesa na kadi za grafiki hutengenezwa zikiwa na sehemu maalumu ya kufumbua kodeki. Prosesa za Intel Core zilikuwa nayo kwa H.264 tangu kizazi cha 2 (2011). Kizazi cha 6 (2015) kiliongeza H.265 ya biti 8, na cha 7 kikaongeza ya biti 10. Lakini kamera kama Sony A7S III na Canon EOS R5, zote za mwaka 2020, zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani zenye taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Faili hizo zilihitaji Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, au kompyuta za Apple zenye chipu za M. Kadi za Nvidia, ambazo wengi hudhani zinaweza kila kitu, zilianza kuifumbua aina hiyo mwaka 2025 zilipotoka RTX za mfululizo wa 50. Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya gharama kubwa anaweza kuona picha zikikatikakatika, huku jirani yake mwenye laptopu ya kawaida akikata bila shida.

Hapa pana mtego kwa wanunuzi wa mashine zilizotumika. Kompyuta kubwa za kiofisi zenye prosesa za Xeon huvutia kwa sababu zina RAM nyingi na bei yake imeshuka. Nyingi kati ya Xeon hizo hazina sehemu ya kufumbua H.264 kabisa. Bila kuongezewa kadi ya grafiki inayofaa, mashine hizo huchoka mbele ya video ya simu. Prosesa za Core zenye herufi F mwishoni mwa jina nazo hazina grafiki za ndani, hivyo zina tatizo hilohilo.

Dawa ya bei nafuu ni proksi. Mhariri hutengeneza nakala nyepesi za picha zote, anakata kwa kutumia nakala hizo, na mwishoni programu inarudi kwenye faili za asili. Programu zote kubwa zinaweza kufanya hivyo. Mashine ya zamani ikiachwa itengeneze proksi usiku kucha, asubuhi inaweza kuhariri picha ambazo jana yake isingezicheza. Kazi ya harusi inayotakiwa baada ya wiki mbili inaweza kusubiri usiku mmoja. Video ya habari inayotakiwa jioni ileile haiwezi.

Programu

Mpangilio unaofaa ni kujua kazi, kisha kuchagua programu, kisha mfumo wa uendeshaji, na mwisho mashine. Wengi huenda kinyume.

Final Cut Pro inapatikana kwenye kompyuta za Apple pekee. Premiere Pro ipo kwenye Windows na macOS, na tangu mwaka 2013 Adobe huuza matoleo yake mapya kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Hilo linahitaji kadi inayokubalika kimataifa pamoja na intaneti ya kuhakiki leseni mara kwa mara. DaVinci Resolve, ambayo ilinunuliwa na Blackmagic Design mwaka 2009, ipo kwenye mifumo yote mitatu. Toleo lake la bure linatosha kwa kazi nyingi, kwani hutoa picha hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, ambao ndio 4K ya televisheni. Toleo la kulipia hununuliwa mara moja. Kdenlive na Shotcut ni programu huria, na zote mbili hufanya kazi kwenye mifumo mitatu.

Linux yenyewe ni ya bure na haisumbuliwi sana na virusi vya flashi vinavyozunguka kila mahali, lakini ina kikwazo ambacho wengi hukigundua wakiwa wamekwisha kuiweka. Toleo la bure la DaVinci Resolve kwenye Linux halisomi H.264 wala H.265, na hata lile la kulipia kwa muda mrefu halikusoma sauti za AAC, ambazo ndizo zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi. Inabidi kila faili igeuzwe kwanza, kwa mfano kwa FFmpeg. Anayetumia Kdenlive hana tatizo hilo.

Kuhusu programu zilizovunjwa leseni, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda filamu na muziki. Mhariri anayelalamika kwamba albamu ya kwaya aliyoihariri inanakiliwa mitaani hana uso mzuri akiwa ametumia programu ya wizi. Lakini sababu inayogusa mfuko ni nyingine: faili za kuvunjia leseni ni njia ya kawaida ya kuingiza programu haribifu, zikiwemo zile zinazofunga faili zote na kudai fidia. Kwa kuwa sasa yapo matoleo ya bure yanayofanya kazi kamili, kisingizio cha zamani kimepungua nguvu.

Umeme, joto na vumbi

Bonde la Kilombero na kingo zake lina vituo viwili vikubwa vya umeme wa maji, Kidatu chenye megawati 204 na Kihansi chenye megawati 180. Pamoja na hayo, umeme wa gridi ukikatika, unakatika hata kwa anayeishi karibu na mitambo. Kukatika katikati ya kutoa faili ya saa mbili ni hasara ya muda. Kukatika wakati diski inaandika kunaweza kuharibu mradi mzima.

Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya grafiki, pamoja na skrini, inaweza kula wati 400 ikiwa kazini. Laptopu ya kisasa inayotumia umeme kidogo hula kama wati 60. Tofauti hiyo ndiyo huamua ukubwa wa betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi, haifai kutumiwa zaidi ya nusu, na inveta nayo hupoteza kiasi, hivyo hubaki takriban wati-saa 500. Laptopu itafanya kazi saa nane. Kompyuta ya mezani itazima baada ya saa moja na robo. Na UPS ndogo ya VA 650, ambayo ndiyo hununuliwa zaidi, kwa kawaida huhimili wati zisizofika 400. Ikiunganishwa na mashine kubwa inayofanya kazi kwa nguvu zote, hulia na kuzima papo hapo, jambo ambalo mwenyewe hulijua siku ya kwanza ya kukatika.

Kwa hesabu hii laptopu za Apple zenye chipu za M, zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020, zina hoja nzito Ifakara ambayo haihusiani na sifa za jina: zinahariri kwa umeme kidogo. Laptopu za Windows zenye kadi kubwa za grafiki mara nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri, na betri yake huisha mapema.

Joto linaleta hesabu nyingine. Ifakara ni mji wa bondeni, na mchana wa kiangazi joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Apple inapendekeza laptopu zake zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Chumba kidogo chenye bati bila dari, mashine mbili na watu watatu hufika hapo bila shida. MacBook Air ya M1 haina feni: haivuti vumbi, jambo zuri mahali penye vumbi la kiangazi, lakini ikipata joto hupunguza kasi yake. Kompyuta ya mezani huvuta vumbi, lakini hufunguliwa kwa bisibisi na kusafishwa kwa brashi na mtu yeyote mwenye uangalifu. Feni yake ikifa, nyingine hununuliwa na kufungwa siku hiyohiyo.

Suala la matengenezo ndilo linaloelekeza mizani upande wa Windows. RAM na diski za kompyuta ya mezani hubadilishwa na fundi wa mtaani. Kwenye laptopu za Apple zenye chipu za M, RAM haiwezi kuongezwa baada ya kununua na hifadhi imegandishwa kwenye ubao mkuu. Ubao ukifa, picha zilizokuwa ndani huenda nao. Anayenunua mashine hiyo lazima achague RAM ya kutosha siku ya kwanza, na asihifadhi ndani yake picha ambazo hazipo mahali pengine.

Kwa mashine za mitumba, yaani kompyuta zilizotumika ofisini Ulaya au Uarabuni kisha zikaletwa Afrika, lipo swali moja zaidi. Windows 11 inahitaji, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha 6 inayouzwa kwa bei ya kutupa bado inahariri, lakini ni salama zaidi ikiwa haiunganishwi na intaneti, au ikiwekewa Linux na Kdenlive.

Hifadhi na usafirishaji

Picha za 4K zinazorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde huchukua gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikirekodi saa sita kila moja, harusi moja ni gigabaiti 540. Studio yenye harusi nne kwa mwezi inapita terabaiti 2. Mtu akigeuza picha hizo kuwa ProRes 422, kodeki nyepesi kuhariri iliyoanzishwa na Apple mwaka 2007, saa moja ya 4K kwa picha 25 kwa sekunde inafika gigabaiti 220 hivi. Bajeti ya kompyuta isiyotaja diski si bajeti.

Kutuma harusi hiyo Dar es Salaam kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika kungechukua siku tano. Diski ikipewa basi linaloondoka alfajiri hufika siku hiyohiyo. Kwa hiyo mhariri anayeshirikiana na mtu wa mbali hutuma diski, na hapo tofauti za mifumo ya uendeshaji hujitokeza. Diski iliyoandaliwa kwa NTFS ya Windows husomeka kwenye Mac lakini haiandikiki bila programu ya nyongeza. Diski ya APFS ya Mac haisomeki kwenye Windows bila nyongeza pia. exFAT husomeka na kuandikika pande zote, ndiyo maana hutumika kwa kusafirishia. Udhaifu wake ni kwamba huharibika kwa urahisi zaidi ikichomolewa ghafla au umeme ukikatika, hivyo haifai kuwa makao ya kudumu ya nakala pekee. Njia nyingine ni kubaki na diski yenye proksi na kutuma zenye picha za asili. Mabadiliko ya mradi wenyewe ni faili ndogo inayotumwa kwa simu.

Kanuni ya kawaida ni nakala tatu, mbili katika diski tofauti na moja katika nyumba nyingine. Bondeni hiyo ya tatu si urasimu, kwa kuwa masika huleta mafuriko, na diski mbili zilizowekwa kwenye droo moja ya chini hulowa pamoja. Kadi za kamera hazifutwi mpaka nakala zimefunguliwa na kutazamwa. Kunakili gigabaiti 540 kwa USB 2 huchukua zaidi ya saa nne, na kwa USB 3 kwenye diski ya kuzunguka ni kama saa moja na robo. Aliyerudi kutoka harusini saa nane usiku atafanya la pili na kuahirisha la kwanza, na kuahirisha ndiko kunakopoteza picha.

Kukabidhi kazi

Mwisho wa yote ni runinga ya mteja. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50 na runinga zake zilifuata mfumo wa picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo kamera na mradi hupangwa kwa 25 au 50. Kamera iliyoachwa kwenye 30 hutoa picha zinazopepesa chini ya baadhi ya taa za ukumbi, na hakuna kompyuta inayoliondoa hilo vizuri.

Runinga nyingi na deki za DVD zenye tundu la USB husoma H.264 ndani ya MP4 kutoka flashi ya FAT32, mfumo ambao haupokei faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi. Harusi ya saa tatu hukatwa sehemu mbili au tatu, kanisani, ukumbini na zawadi, kila moja chini ya kikomo hicho, na kipande kifupi hutolewa peke yake kwa ajili ya simu. Windows, macOS na Linux zote hutoa faili hizo bila tofauti yoyote anayoweza kuiona mteja. Kabla ya kukabidhi, flashi huchomekwa kwenye runinga ya kawaida, na si kwenye kompyuta iliyoitengeneza, kisha hutazamwa mwanzo, katikati na mwisho.